Trafiki anaruhusiwa kuchomoa ufunguo na kumvuta dereva nje ya gari? Wanaojua waje

#1 Gereji_Kwerekwe

Assalaam alaykum wadau. Nauliza, na naomba uzi usigeuke wa kutukana askari wala wa kusifu madereva.

Askari wa usalama barabarani kasimamisha gari. Dereva kapunguza, kaegesha, kioo kiko chini. Kabla ya salamu mkono umeshaingia dirishani na ufunguo umetoka. Dereva akiuliza kulikoni, anashikwa kola na kuvutwa. Klipu za namna hii zinazunguka kwenye simu kila siku, za hapa Unguja na za Bara.

Mie upande wangu ni wa vyuma. Kwa vyuma nasema hivi: mkono wa mtu wa nje kuingia kwenye swichi ya gari iliyowaka ni hatari kwa askari mwenyewe kabla haijafika kwa dereva. Nitaeleza. Lakini kwanza wa sheria waseme, inaruhusiwa au haikuruhusiwa?

#2 Konda116

Ufunguo ndio risiti, bwana. Ukishachukuliwa unajua pa kuufuata na unajua uende na nini.

#3 HondaTu

Inaruhusiwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, imempa trafiki uwezo wa kuzuia chombo. Huwezi kuzuia chombo ukamwachia mtu ufunguo. Mjadala umekwisha.

#4 Wakili_Kikwajuni

HondaTu, umeanza vibaya. Sura ya 168 ni ya Tanzania Bara. Hapa kwetu iko Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya 2003, imepitishwa na Baraza la Wawakilishi. Polisi ni jambo la Muungano, ni la nne kwenye orodha iliyoko Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano, lakini askari yule yule akivuka bahari kuja Malindi hapa Unguja anasimamia sheria ya barabara ya Zanzibar. Wengi wanachanganya hapo.

Sasa jibu. Tenganisheni mambo mawili. Kusimamishwa si kukamatwa. Ukipewa ishara na askari mwenye sare unatakiwa usimame na uoneshe leseni na karatasi za chombo. Ukikataa umetenda kosa. Kosa hilo linaweza kuleta kukamatwa, na hapo ndipo inapoingia Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya Zanzibar, Namba 7 ya 2018. Utaratibu wa kukamata ni wa zamani, umerithiwa tangu wakati wa Mwingereza: mkamataji humgusa mtu au humzuia mwili wake, isipokuwa mtu mwenyewe amejisalimisha kwa neno au kitendo. Na aliyekamatwa habanwi zaidi ya kiasi cha kumzuia asitoroke.

Someni tena hayo maneno ya mwisho. Mtu aliyezima gari, mikono iko juu ya usukani, anauliza kosa lake, huyo hakupinga kitu. Nguvu inayostahiki kwake ni sifuri. Nguvu hupimwa kwa kile mtu anachofanya wakati huo. Kosa alilofanya nyuma haliongezi hata ngumi moja. Mwendo kasi wa kilomita 90 si sababu ya kofi.

#5 HondaTu

Sawa, kwenye sheria nimekosea. Lakini hukujibu la ufunguo.

#6 Wakili_Kikwajuni

La ufunguo liko hivi. Kuzuia gari bovu lisiendelee na safari ni mamlaka inayojulikana. Lakini anayezuia anamwambia dereva azime, akabidhi, na anaandika amezuia nini na kwa sababu gani. Kuuchomoa kimya kimya na kuutia mfukoni bila maandishi ni kitu chengine. Sijaona kifungu kinachousema ufunguo kwa jina lake.

#7 NguoNyeupe

Nitasema upande wa wanaosimama juani, maana naona uzi mzima wa madereva.

Kwa nini mkono unakimbilia ufunguo? Kwa sababu gari ikiondoka, askari aliyeko kizuizini mara nyingi hana cha kuifukuzia. Wako wawili watatu, wana filimbi, tochi ya kupimia mwendo na kitabu. Dereva anayejua hilo husimama nusu, anaacha gia ndani na mguu kwenye klachi, akisikia neno "leseni" anaondoka. Ufunguo ndio breki pekee aliyonayo askari juu ya gari ya mtu mwengine. Sisemi ni sahihi. Nasema ndiyo sababu.

Mafunzo yanasema vyengine kabisa. Unasimamisha kwa ishara ya mkono ukiwa kando, mahali dereva anakuona mapema. Unaelekeza gari itoke njiani. Husimami mbele ya boneti. Unakwenda mlangoni ukisimama nyuma kidogo ya nguzo ya mlango wa dereva, ili akikufungulia mlango kwa ghafla usikupige, na ili umuone mikono. Unasalimu, unajitambulisha, unataja sababu, ndipo unaomba leseni. Mkono wako hauvuki mstari wa kioo.

Na hapa Zanzibar dereva anakaa kulia, njia tunapita kushoto. Kwa hiyo mlango wa dereva uko upande wa katikati ya barabara. Askari anaezungumza na dereva kampa mgongo msafara wa magari. Hilo peke yake linamfanya mtu awe na haraka na mkali.

#8 Gereji_Kwerekwe

Ahsante NguoNyeupe, umenifungulia mlango wa maelezo yangu.

Chukueni Probox au Noah ya gia otomatiki. Gari iko D, gia ya kwenda mbele, dereva kakanyaga breki tu. Kwenye hizi ufunguo hautoki mpaka gia iwe P, ya kuegesha, kuna kizuizi ndani ya swichi. Kwa hiyo askari akiupinda anaweza kuzima injini, lakini ufunguo wenyewe unagoma. Anavuta, hautoki, anadhani dereva kaushika. Hapo ugomvi umeanza juu ya kipande cha chuma kinachofanya kazi yake.

Hiace ya gia za mkono haina kizuizi hicho cha P. Na swichi ikizeeka, vipini vya ndani vikilika, ufunguo unatoka hata ukiwa kwenye ON. Gari ikiwa bado inatembea na ufunguo ukatoka kwenye LOCK, usukani unajifunga ukiupinda kidogo. Injini ikizimika wakati gari inatembea, usukani wa majimaji unakuwa mzito, na breki ina msaada wa upepo wa mkanyago mmoja au miwili tu, wa tatu unakanyaga jiwe. Ongeza mkono wa askari uliokwama katikati ya miguu ya usukani. Gari ya abiria kumi na tano inateremka taratibu na mtu ananing'inia mlangoni.

Sasa la kumvuta dereva. Watu wawili wanasahau vitu viwili.

Kwanza mkanda. Mkanda wa kiti umetengenezwa ujifunge ukivutwa kwa ghafla, ndiyo kazi yake kwenye ajali. Askari akimvuta mtu kwa nguvu, mkanda unakaza kifuani na shingoni, mtu hatoki. Kadiri anavyovuta ndivyo unavyokaza. Kwa nje inaonekana dereva anapinga. Hapingi, amefungwa.

Pili mguu. Gari otomatiki iko D, ukimtoa mguu kwenye breki gari inatambaa yenyewe bila kukanyaga mafuta. Ukimvuta dereva umetoa breki. Gari ikimgonga askari wa mbele, itaandikwa dereva alitaka kuua.

Mpango wake kama mtu lazma ashuke ni huu na usirukwe: breki, gia P au huru, handbreki, zima, mkanda, mlango, ndipo mtu. Ni sekunde kama kumi. Amri itoke moja moja, na mtu mmoja tu atoe amri. Askari watatu wakipiga kelele, mmoja "mikono juu", mmoja "zima gari", mmoja "shuka", dereva atatii mmoja na kuwaasi wawili.

#9 Konda116

Hapo kwenye amri tatu umenimaliza. Na wa nne yuko upande wa konda anasema "funga mlango".

#10 BintiFuoni

Gereji, umesema "watu wawili wanasahau vitu viwili". Watu wawili gani?

#11 Gereji_Kwerekwe

Askari na dereva, dada yangu. Nilikuwa na haraka.

#12 MtuWaMtambile

Huku Pemba sie hayo ya kuvutana mashati ni machache, yakhe. Mkoani hadi Chake, trafiki anamjua dereva, baba yake na shamba lake la karafuu. Ukimvuta mtu kola leo, kesho uko naye msikiti mmoja. Naona tatizo la mjini ni kwamba askari anahamishwa kila mara, hajui mtu, hajulikani.

#13 NguoNyeupe

MtuWaMtambile, kujuana nako kuna gharama zake. Askari anaehurumia jamaa yake hamkagui matairi. Kuhamishwa kumewekwa makusudi kwa ajili hiyo. Kwa hiyo maelezo yako ni nusu.

#14 MtuWaMtambile

Nusu ya kweli bora kuliko kofi zima.

#15 HondaTu

Mnazungumza gari tu. Wanaoumia ni wa pikipiki. Askari anajificha nyuma ya mnazi, anaruka na fimbo. Kwani honda inayokwenda 50 haisimami ndani ya mita kumi? Wengine wanajitakia wenyewe.

#16 Mchambawima

Haisimami mita kumi, HondaTu. Piga hesabu. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Mtu anahitaji sekunde moja mpaka moja na nusu kuona, kuelewa na kukamata breki. Hapo ameshakwenda mita 14 mpaka 21 kabla breki haijaanza. Kwenye lami kavu yenye breki nzuri ongeza mita 14 hivi. Jumla ni mita 28 mpaka 35. Lami ikiwa na mchanga au mvua ya masika, kile kipande cha breki peke yake kinafika mita 24 na zaidi. Kwa 80 ni karibu mita 70 kwenye kavu.

Kwa hiyo askari anaetoka mafichoni mita 15 mbele ya pikipiki hakumpa mtu nafasi ya kutii. Kamwekea mtihani usiofaulika, kisha akifeli anaitwa mkaidi.

Na fimbo ndiyo balaa kubwa. Ikiingia kwenye spoku za gurudumu la mbele, inazunguka mpaka inagonga fok, gurudumu linakwama ghafla, pikipiki inapinduka juu ya mpanda. Pikipiki ni kilo mia na ziada, pamoja na watu wawili. Ukirusha fimbo kwenye tairi ya bodaboda umetumia nguvu inayoweza kuua. Haijalishi ulikusudia kusimamisha tu.

#17 Gereji_Kwerekwe

Niongeze la mkono. Mkono wa kulia wa mpanda una gesi na breki ya mbele. Wa kushoto una klachi. Askari akiwa katikati ya njia anaukamata wa kulia. Ukiuvuta kwa nyuma, gesi inafunguka, kwa sababu gesi hufunguka kwa kuzungusha kuelekea kwa mpanda. Pikipiki inaruka mbele na askari anasema "alitaka kunigonga". Akiwa kando kushoto anaukamata wa klachi, klachi inaachiliwa gia ikiwa ndani, pikipiki inaruka au inazimika. Pote pawili ni kuanguka.

Pikipiki haisimamishwi kwa mkono. Inasimamishwa kwa ishara ya mbali. Na isiposimama unaandika namba ya usajili.

#18 HondaTu

Namba ikiwa imepakwa tope?

#19 Mchambawima

Basi unasubiri kizuizi cha mbele, simu zipo. Kisiwa hiki mtu atakwenda wapi? Akitoka Nungwi na honda hatofika Mombasa.

#20 MzeeWaBarza

Hahaha. Mgala muue na haki yake mpe, lakini. Wako vijana wanapita kizuizi kwa makusudi na abiria nyuma, hana kofia, hana leseni. Wakianguka tunalia na askari. Mbona hamsemi nao?

#21 BintiFuoni

Mzee wetu shikamoo. Tunasema nao. Ila abiria wa nyuma kosa lake nini? Fimbo haimchagui.

#22 Muuguzi_Chake

Nimesoma hadi hapa. Niseme ya mwilini maana hayajaguswa.

Pingu. Ikikazwa sana inabana mshipa wa fahamu upande wa kidole gumba, ngozi ya nyuma ya mkono inakufa ganzi, na ganzi inaweza kukaa wiki au miezi. Pingu nzuri ina kufuli la pili linaloizuia isijikaze zaidi mtu akijitikisa. Wengi hawalifungi. Kipimo ni ncha ya kidole kimoja ipite kati ya chuma na kifundo. Mtu akisema "inaniuma" angalieni rangi ya vidole kabla ya kumwambia anajifanya.

Kulazwa kifudifudi. Mtu akilala tumbo chini, mikono nyuma, na askari kaweka goti mgongoni, kifua hakipanuki. Akisema hapumui, kwamba anaweza kusema haina maana anapumua vya kutosha. Akishafungwa pingu ageuzwe ubavu au akalishwe, hapo hapo. Mnene, mlevi na aliyekimbia mbio ndio wa hatari zaidi.

Kirungu. Kichwa, shingo, uti wa mgongo na figo si mahali pa kirungu isipokuwa maisha ya mtu yako hatarini. Paja lina nyama. Pigo la kichwa linaweza kuonekana dogo, mtu akaenda kwao akala wali, saa sita baadae analewalewa kwa sababu damu inavuja ndani ya fuvu. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni moja kubwa kuliko nyengine: hospitali, msisubiri asubuhi.

Na wanaotaka haki baadae: jeraha linabadilika. Piga picha siku hiyo hiyo na kesho yake, sarafu ikiwa pembeni ya jeraha kuonesha ukubwa, uso uonekane kwenye picha moja.

#23 BintiFuoni

Na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali? Inatoka kituo kile kile cha aliyekupiga. Hapo ndipo watu wanakwama.

#24 Muuguzi_Chake

Matibabu ya dharura hayangoji karatasi, mtu anavuja damu atatibiwa. Fomu ni ya ushahidi. Si lazma uichukue kituo kile kile, nenda kituo chengine ukaripoti shambulio. Lakini mwambie mganga aandike kila kitu kwenye cheti chake cha hospitali pia: ukubwa kwa sentimita, upande, rangi na maelezo ya mgonjwa jinsi ilivyotokea. "Maumivu ya mwili" ni maneno mawili yasiyomsaidia mtu mahakamani.

#25 Nungwi_Kaskazi

Mnalalamika tu. Marekani ungekuwa umeshapigwa risasi. Hapa mnapata kofi mnaandika uzi.

#26 Wakili_Kikwajuni

Nungwi, kofi halihalalishwi na risasi ya kwengine. Lakini kwa kuwa umeitaja Marekani tuitaje vizuri, maana watu wanaiga klipu za huko.

Kule Mahakama ya Juu iliamua 1977, kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms, kwamba askari anaweza kumwamuru dereva ashuke kwenye gari iliyosimamishwa kihalali. 1985, Tennessee dhidi ya Garner, ikasema anaekimbia hapigwi risasi kwa kukimbia tu, mpaka pawe na sababu ya kuamini kuwa ni hatari kubwa kwa watu. 1989, Graham dhidi ya Connor, ikaweka kipimo cha nguvu: askari mwenye akili timamu angefanya nini pale pale, kwa aliyoyajua wakati ule. Graham mwenyewe alikuwa mgonjwa wa sukari, ameshuka sukari, askari wakamuona kama mlevi.

Na pamoja na sheria zote hizo, Philando Castile alisimamishwa Minnesota 2016, sababu iliyotajwa taa ya breki, akapigwa risasi akiwa ndani ya mkanda wake. Askari akashitakiwa na kuachiwa 2017. Kwa hiyo maandishi peke yake hayamzuii mtu.

#27 Konda116

Kumbe hata huko ni taa ya breki. Mie nilidhani ni sisi tu.

#28 Nungwi_Kaskazi

Nakubali. Ila kuna tofauti: huko dereva anaweza kuwa na bastola kwenye droo. Hapa trafiki anajua mtu ana chapati na maji. Hofu haielezi kofi la hapa. Kinachoelezea ni dharau.

#29 NguoNyeupe

Si dharau tu. Kuna jua la saa sita, zamu ndefu, na hesabu ya makosa wanayotarajiwa kuandika. Dereva wa hamsini kwa siku hiyo anakutana na hasira ya wale arobaini na tisa.

#30 Mchambawima

Mie naona mahali. Kizuizi kikiwekwa kwenye kona au chini ya mteremko, magari yanafika kwa kasi, askari anaogopa, dereva anashtuka. Hamisha kizuizi kile kile mita mia mbili kwenye kipande kilichonyooka, weka koni na taa usiku, nusu ya ugomvi unaondoka bila kumfundisha mtu adabu.

#31 Konda116

Nyote mnazunguka. Pesa. Gari isiyokuwa na kosa ndiyo inayogombana zaidi, kwa sababu yule mwenye kosa wameshaelewana.

#32 MzeeWaBarza

Konda, wewe unajua mno.

#33 BintiFuoni

Nina suala. Kumrikodi askari kwa simu ni kosa? Wengine wananyang'anywa simu hapo hapo.

#34 Nungwi_Kaskazi

Kosa, kuna sheria ya mitandao.

#35 Wakili_Kikwajuni

Usimtishe mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, isipokuwa kifungu cha 50. Kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo kupitia kompyuta. Kupiga picha ya kilichotokea kweli, barabarani, mchana, na kukipeleka kwenye malalamiko si kuchapisha uongo. Hatari inaanza pale unapoirusha kwenye magrupu na maneno ya kuongeza chumvi: "kaua mtu" wakati mtu kavimba mdomo. Hayo maneno ndiyo yatakayokufikisha pabaya, klipu haina neno.

Rikodi ukiwa mbali, usiingie kati ya askari na mtu, usimsukumie simu usoni. Anza na namba ya gari, mahali, kisha kifua cha askari.

#36 NguoNyeupe

Kifuani ndiyo. Askari wa vyeo vya chini wana namba ya jeshi: herufi na tarakimu, na wa kike inaanza na WP. Kuanzia mkaguzi kwenda juu hakuna namba hiyo, soma jina na cheo begani. "Mrefu mweusi mwenye miwani" haimtambulishi mtu kituoni.

#37 HondaTu

Na ukishapata namba unaipeleka wapi? Kwa mwenzake?

#38 Wakili_Kikwajuni

Ziko njia tatu na hazizuiani.

Ya ndani ya jeshi: mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kamanda wa mkoa, kisha Kamishna wa Polisi Zanzibar, Ziwani. Andika barua, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Askari anaweza kushitakiwa kijeshi, na desturi ni kwamba anaepatikana na hatia hufukuzwa kwanza, ndipo anapelekwa mahakamani akiwa raia.

Ya jinai: kumpiga mtu ni shambulio chini ya Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, sare haimtoi. Mashtaka hapa yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, sio wa Bara, ingawa askari ni wa Muungano.

Ya tatu ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa Ibara ya 129 ya Katiba ya Muungano. Inapokea malalamiko bila ada. Inachunguza na kupendekeza, haihukumu.

Na msingi wa yote, Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba hiyo: ni marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu za kumtweza au kumdhalilisha. Kumpigisha mtu magoti juu ya lami mbele ya abiria wake kunaingia humo, hata kama hakuguswa.

#39 Mchambawima

Na fidia? Unamshitaki mwanasheria mkuu yupi, wa Zanzibar au wa Muungano? Hilo ndilo fundo.

#40 Wakili_Kikwajuni

Wa Muungano, kwa sababu mwajiri ni Jeshi la Polisi la Muungano.

#41 Mchambawima

Na kitendo kimetokea Zanzibar, chini ya sheria ya barabara ya Zanzibar, kwa kazi ya sheria hiyo. Mimi ningewaunganisha wote wawili na kuacha wao wavutane.

#42 Wakili_Kikwajuni

Ukiwaunganisha wote, pingamizi la awali litakula mwaka. Lakini sikulaumu.

#43 MzeeWaBarza

Mpigwa mmoja, wanasheria wakuu wawili. Muungano mtamu.

#44 MtuWaMtambile

Mumesahau sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Yakitokea ndani ya shehia, mwite sheha aone gari ilivyosimama na damu ilipo kabla hazijaondoshwa. Shahidi asiyekuwa jamaa yako na asiyekuwa abiria wako ana uzito.

#45 Gereji_Kwerekwe

Nawashukuru nyote. Naona sababu zimekuwa sita: hawana gari za kufukuzia, mahali pabaya, pesa, dharau, uchovu, kutojuana. Mie bado nasimama kwenye chuma: mtu akijua mkanda na gesi vinavyofanya kazi, hatavuta.

#46 NguoNyeupe

Atavuta. Anajua na atavuta, kwa sababu gari itaondoka.

#47 BintiFuoni

Sasa niwape mtihani. Hizi gari za kubonyeza kitufe. Ufunguo uko mkobani, hauchomeki popote. Trafiki atachomoa nini?

#48 Gereji_Kwerekwe

Suala zuri. Hata akiuchukua mkoba akaenda nao mbali, injini iliyowaka haizimi. Gari itapiga kelele ya onyo tu na kuendelea kuunguruma. Ukizima ndipo haitowaka tena.

#49 Wakili_Kikwajuni

Na hapo si ufunguo tena, ni upekuzi. Kuingiza mkono mkobani au mfukoni mwa mtu kuna masharti yake. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha kikamilifu.

#50 BintiFuoni

Kwa hiyo kila kizuizi kiwe na WP.

#51 Konda116

Njia ya Nungwi asubuhi hii nimehesabu vizuizi vitatu. Askari wa kike mmoja, na alikuwa kashika tochi.